Kazi Isiyoaga

Nilichoka na majina kabla sijachoka na kazi yenyewe. Watu wakisikia naandika programu za kompyuta hudhani kinachochosha ni hesabu. Hesabu haijawahi kunichosha. Kinachochosha ni kukaa mbele ya kioo cha kompyuta huku mvua inapiga bati, unatafuta kitu ulichokiandika mwenyewe zamani, hukumbuki ulikiitaje, na hakuna mtu mwingine duniani wa kumuuliza.

Chumba changu kiko Lushoto mjini, juu ya duka la pembejeo, na nguo zangu zote zinanuka dawa ya wadudu. Humo ndimo nilimokuwa naitunza programu ya chama cha wakulima wa mboga wa Shume na Malindi, ile ya kwetu milimani, si ya pwani. Shughuli yake ni rahisi kueleza. Jioni wakulima wanatuma ujumbe wa simu kusema wana magunia mangapi ya kabichi au karoti. Programu inajumlisha, inagawa magari, kisha inawajibu: gari litapita kwenu saa fulani, tokeni barabarani. Ikikosea, mzigo unalala nje. Kabichi haina subira, na wanawake waliozipanda hawana subira pia, nami siwalaumu.

Mama yangu yuko Mtae, kule barabara inakoishia na mlima unakoishia pia. Alianza kusahau taratibu. Kwanza alisahau kutia chumvi, jambo ambalo halikumshtua yeyote. Kisha siku moja alitoka kanisani akashika njia ya kwa wazazi wake, waliokufa mimi sijazaliwa. Mdogo wangu wa kiume, anayeishi naye, akanipigia simu.

"Dada, kama unakuja, njoo sasa hivi, bado anakujua."

Nilitaka hilo tu. Sikutaka kwenda kulala siku mbili na kurudi na kikapu cha maharage kama mgeni. Nilitaka kufunga chumba, niende nikakae naye, nimpikie, nimsikilize anaponiita, angali ananijua. Ila nisingeweza kuondoka mpaka apatikane mtu wa kuishika programu ile, na programu ile ilikuwa na tabia zake.

Hapa inabidi nieleze kidogo. Programu si kitu kimoja kirefu. Imegawanywa vipande vipande, na kila kipande tulikiita kazi: kazi ya kupokea ujumbe, kazi ya kujumlisha magunia, kazi ya kugawa magari, na kadhalika. Kila kazi lazima iwe na jina, maana nyingine huiita kwa jina hilo inapoihitaji. Duniani kote kuna desturi ya kuzipa kazi majina ya kinachotendwa: pokea ujumbe, jumlisha magunia. Mtu mgeni akisoma tu, anaelewa.

Wazee wa kamati walikataa. Chama kilipoanza walikaa wakaamua kwamba kila kazi ichukue jina la mzee aliyeidai. Aliyelalamika kuwa magunia yanajumlishwa vibaya, kazi ya kujumlisha ikapewa jina lake. Aliyetaka magari yagawanywe kwa haki alikuwa mwenyekiti mwenyewe, na kazi ile kubwa kuliko zote ikawa yeye. Nilibisha mpaka sauti ikakauka. Wakaniambia kwamba mtoto hupewa jina la babu ili babu asipotee, sembuse kitu kinachogawa magari. Halafu mmoja akaongeza, "Na ikiharibika, tutajua tukamuulize nani." Hapo walinishinda, kwa sababu kweli nilikuwa naenda kuwauliza.

Kanuni ya pili ilikuwa yangu, na wazee waliipenda mara moja. Niliwaambia kila kazi lazima iage. Kwetu mtu hainuki tu akatoka. Unasema naomba njia, mwenyeji anasema bado mapema, unakaa tena, unaomba tena, ndipo mnainuka wote na unasindikizwa hadi kwenye kona. Mtu anayeponyoka katikati ya maongezi anawaacha watu wanajiuliza kama wamemuudhi au kama ameiba. Basi kila kazi ilitakiwa itokee mlango mmoja tu, wa chini, na kabla ya kutoka iseme jina lake, iseme imemaliza salama au imeshindwa, kisha iombe njia. Programu haikuita kazi inayofuata mpaka isikie maneno hayo, ambayo yalionekana pia kwenye kioo cha ofisi ya chama. Kazi ikiondoka kimya, programu nzima inabaki imekaa kumsubiri mgeni aliyekwisha kwenda zake.

Nilikuwa naionea fahari kanuni ile. Wapo wenzangu wa mjini waliozoea kuziacha kazi zao zitorokee popote, hata dirishani, na programu zao nilizikuta nikazisafisha huku nikilaani.

Aliyepatikana kunipokea alikuwa binti aliyesomea kompyuta Tanga, akaolewa Malindi na mtoto wa mwenyekiti. Mwepesi wa kuelewa, mpole, tena hana ujuaji. Kwa wiki kadhaa nilimfundisha kwa simu na mara moja moja nikapanda kwenda ofisini kwao. Alikuwa na kasoro moja iliyonitoa moshi masikioni. Hakutaja kazi kwa jina.

"Mama, ile kubwa inasumbua."

"Ipi kubwa?"

"Ile ya katikati."

"Katikati ya nini? Taja jina."

"Mama, mtandao unakatika."

Mtandao wa Malindi unakatika, ni kweli, ila si kila mara mtu anapoombwa kutaja kitu. Nilianza kuogopa kwamba nimepewa mtu mzito, na kwamba nitazeekea juu ya duka la pembejeo. Kila usiku mmoja uliopita ulikuwa usiku mmoja mama yangu amesahau kitu kingine. Nilimkaripia yule binti siku ile, na yeye akaitikia "ndiyo mama, samahani mama," mpaka nikaona haya.

Kinachonishangaza ni kwamba mimi, kati ya watu wote, sikung'amua. Mimi nimepewa jina la bibi mzaa baba. Kwetu mke hataji jina la wakwe zake, akiwa mbele yao au peke yake shambani, na jina hilo hata likivaliwa na mtoto aliyemzaa mwenyewe bado ni la mkwe. Kwa hiyo mama yangu hajawahi kuniita jina langu. Tangu nizaliwe aliniita mkwe. Mkwe, njoo ule. Mkwe, umeosha miguu? Nilipokuwa mdogo majirani walicheka kumsikia akimkaripia mkwe wake kwa kumwaga maziwa. Siku aliyonipeleka shule mwalimu alimuuliza mtoto anaitwa nani. Mama akatazama ardhi, akanibinya bega, nikajitaja mwenyewe. Nimewahi kutamani kulisikia jina langu kinywani mwake, mara moja tu, nione linavyokaa. Sikumwomba. Ningemwomba atende dhambi.

Hatimaye nilichoka kungoja. Nikamwambia binti kwamba sasa anajua vya kutosha, nikamwambia mdogo wangu nakuja, nikafunga begi. Mama aliambiwa. Alifurahi, mdogo wangu akasema, akataka kuku achinjwe siku ile ile ingawa nilikuwa sijatoka hata Lushoto.

Asubuhi ile kulikuwa na manyunyu na ukungu. Basi lilipofika Malindi niliona magunia kando ya barabara, mengi, yamepangwa kama ukuta, na wanawake wamesimama chini ya miavuli wakiwa na nyuso ambazo hutaki zikutazame. Hakukuwa na gari hata moja. Mmoja wao alinitambua kupitia dirishani.

"Huyu hapa mwenye kompyuta! Hatujapata ujumbe wowote toka jana!"

Nikamwomba kondakta begi langu. Basi likaendelea kwenda Mtae bila mimi.

Ofisi ya chama ni chumba kimoja chenye meza, kompyuta na rundo la magunia matupu. Binti alikuwa amesimama ukutani analia bila sauti. Nilimwambia aketi, nikaketi, nikamuuliza nini kimetokea. Akaanza kueleza, na kwa kuwa mara hii tulikuwa tunatazamana, hapakuwa na mtandao wa kusingizia.

"Kamati iliagiza magari yaanzie Shume, kwa sababu ya ile barabara iliyomomonyoka. Ikabidi nibadilishe ile... ile ya..."

"Ya kugawa magari."

"Ndiyo, hiyo. Sikuweza kuigusa, mama. Ningelazimika kuliandika."

"Kuandika nini?"

Akainamisha kichwa. "Jina la yule aliyemzaa mume wangu."

Nje mtu alikuwa anagonga gunia kwa hasira. Nikaona kila kitu kwa pamoja, na nikaona pia mama yangu ameshika bega langu mbele ya mwalimu.

Kumbe binti alinakili kazi ile yote, akaipa nakala jina jingine asiloogopa, akafanya marekebisho kwenye nakala. Akafika chini kabisa, kwenye mstari wa kuaga, ambako kazi lazima iseme jina lake kabla ya kuomba njia. Nakala ilikuwa bado inasema jina la mzee. Hakuweza kuliacha lisemwe kwa mkono wake kila jioni mbele ya watu wote, na kuweka lile la kubuni mahali pa kuagia aliona ni kumdharau mkwe, akaufuta mstari mzima. Magari yakagawanywa, tena vizuri sana, kuanzia Shume kama walivyoagiza. Kisha kazi ikatoka bila kuaga, na programu ikakaa usiku kucha kumsubiri mgeni aombe njia. Kazi ya kutuma ujumbe haikuitwa kamwe.

"Nilijaribu kulitamka peke yangu nyumbani," akasema. "Mdomo ulikataa."

Nilirudisha mstari wa kuaga. Simu za wanawake walioko nje zikaanza kulia moja baada ya nyingine, nikasikia vigelegele vya kejeli. Magari yalifika mchana. Kabichi nyingine zilikuwa zimeanza kulegea, nyingine zilipona.

Ningeweza kupanda basi la siku iliyofuata. Nililitazama jambo hilo kila upande. Nikiondoka huku majina yako vile vile, ataogopa tena, ataficha tena, na nitaitwa kutoka Mtae mama akiwa ameshika mkono wangu. Bora nikae nimalize, ili nikiondoka niwe nimeondoka. Nikampigia mdogo wangu.

"Nachelewa kidogo. Mwambie mama wiki hii hii."

"Amekaa mlangoni," akasema. "Amevaa ile kanga uliyomletea."

Nilikata simu nikakaa na uchungu wangu. Kisha tukaenda kwa mwenyekiti.

Alikuwa barazani kwake anamenya pea kwa kisu kirefu. Nilimwamkia, binti akamwamkia akiwa hatua mbili nyuma yangu. Kuongea kulikuwa juu yangu.

"Mzee, tunaomba ruhusa kulitoa jina lako kwenye programu."

Kisu kikasimama. "Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Mkweo ndiye atakayeishika programu, na jina lako hawezi kulibeba."

Hakumtazama binti; kwa heshima alitazama pea. "Kumbe ndiyo sababu gari halikuja?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi heshima imeozesha kabichi," akasema, na sikujua kama amefurahi au ameumia. Nadhani yote mawili. "Sasa mtaniitaje?"

"Gawa magari."

"Gawa magari," akarudia, kama mtu aliyeletewa chai bila sukari. "Hilo si jina. Hiyo ni amri. Mimi hata kuku wangu siwezi kumwita Taga Mayai."

Binti alijifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Nikamweleza mzee kwamba ndivyo inavyofanywa kote, kwamba jina likisema kinachotendwa hata mtu asiyetoka milimani ataelewa, na kwamba watu hufa lakini magari yataendelea kugawanywa. Hilo la mwisho sikupaswa kulisema. Alikula kipande cha pea, taratibu.

"Sawa. Nitoeni. Lakini pale inapoaga, pale chini, mniache."

Nikageuka kumtazama binti, kwa kuwa hilo ndilo hasa lililomshinda. Akasema, macho chini, "Pale nitaandika baba."

Mzee akatikisa kichwa kukubali, akatukatia pea. Tangu siku hiyo, magari yakishagawanywa, programu husema: baba amemaliza salama, baba anaomba njia. Wakulima wengine wakiyasoma ofisini hudhani ni mambo ya dini.

Ikiwa umebadilisha jina la mzee mmoja, wengine lazima wabadilishwe pia, la sivyo wataona wametengwa. Kwa hiyo tulibadilisha yote. Usidhani ni kama kubadilisha kibao cha duka. Jina la kazi limeandikwa kila mahali inapoitwa, na ukiacha moja la zamani popote, jioni programu itaita mtu ambaye hayupo. Mimi nilisoma, binti akaandika. Nilipofika kwenye jina la mkwewe alitazama nje dirishani mpaka nimalize kulitaja. Tulikula makande ya baridi juu ya meza ile ile. Macho yaliniuma, mgongo uliniuma, na nilimchukia kila mzee mmoja mmoja nilipofika zamu yake. Siku zikaenda. Kila jioni nilimwambia mdogo wangu kesho, na kila jioni aliitikia kwa neno fupi kuliko la jana yake.

Mwishowe nilikaa na mikono mapajani, nikamwambia binti abadilishe kitu kigumu peke yake. Alibadilisha. Aliita kila kazi kwa jina lake, kwa sauti, bila woga: pokea ujumbe, jumlisha magunia, gawa magari. Nilijua kwamba nimetua mzigo. Asubuhi alinisindikiza hadi barabarani na begi langu kichwani mwake, akanipa mkono kwa mikono yote miwili.

"Hongea, mama," akanishukuru kwa Kishambaa. "Hatutakuita tena."

"Msiniite," nikasema, na nilimaanisha.

Barabara ya Mtae inakutikisa mpaka meno yanauma. Sikulalamika. Nilipanga nitakavyomwogesha, nitakavyomchana nywele, nitakavyomuuliza mambo ya zamani anayoyakumbuka bado. Mdogo wangu alinipokea stendi, akachukua begi. Tulipokaribia nyumbani nikamuuliza mama anaendeleaje.

"Juzi alikuulizia," akasema. "Jana hakuuliza."

Mama alikuwa jikoni kwenye kigoda, karibu na mafiga, amevaa ile kanga. Alikuwa amekonda, lakini uso ulikuwa wake. Nikainama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Alinitazama uso, kisha akaanza kuinuka, ameshika ukuta. Mdogo wangu akataka kumsaidia, mama akausukuma mkono wake. Akajifunga kanga vizuri. Akashusha macho chini, akakunja magoti.

"Shikamoo, mkwe," akasema.

Sekunde ya kwanza nilifurahi. Mkwe ndilo jina langu kwake, hana jingine la kuniita, nikadhani nimewahi. Kisha nikaelewa. Mama hamwamkii mwanawe shikamoo. Watu husema uso huu ni wa bibi, pua na yote, na bibi alikufa zamani.

"Mama, ni mimi," nikasema. "Binti yako."

Hakubisha. Mke mwenye adabu habishani na mama mkwe wake. Alibaki vile vile, kichwa chini, magoti yamekunjwa, anatetemeka. Mdogo wangu aligeuza uso wake kwenye moto. Nikajua kwamba hataketi. Amefundishwa, na hilo hajalisahau: salamu isiyojibiwa haijaisha, na mkubwa asipoitikia, mdogo hana ruhusa ya kukaa. Angesimama pale mpaka aanguke.

"Marahaba, mwanangu," nikamwambia mama yangu, naye akakaa.